Mawindo ya Kununua: Kulungu Ndani ya Uzio wa Futi 8



Nianze na orodha ya bei. Iko biashara Marekani ambayo bidhaa yake huuzwa kwa inchi. Mteja huletewa orodha yenye madaraja: kulungu dume mwenye pembe zisizofika inchi 150 ni dola kiasi hiki, mwenye inchi 170 ni kiasi kile, na akivuka 200 aghalabu bei haiandikwi tena, unaombwa upige simu. Daraja la chini ni dola elfu kadhaa. La juu hufika makumi ya maelfu. Inchi hizo ni za jumla. Hupimwa urefu wa shina la kila pembe, kila tawi lake, unene wake mahali kadhaa na upana ulio kati ya pembe mbili, kisha vyote hujumlishwa. Mteja hutoa arbuni, hupangiwa tarehe, na pengine hutumiwa picha ya mnyama mwenyewe akiwa hai. Matangazo mengi hubeba ahadi moja: usipoua, hulipi.

Ahadi hiyo ndiyo nitakayoishughulikia leo. Mzee wa Kihadza katika bonde la Eyasi hutoka alfajiri na upinde wake, na siku nyingi hurudi na asali, au mizizi, au mikono mitupu. Hakuna anayemwahidi kitu, na wala yeye haahidi watu wake. Anayeahidiwa mnyama kwa risiti amenunua mnyama. Anaweza kuvaa nguo za madoadoa, akajipaka matope usoni na kunong'ona. Muamala ulishakwisha kabla hajapanda ndege.

Kulungu ninayemsema si pongo wetu wa vichakani. Ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye akishtuka huuinua mkia juu kama bendera na kutoweka. Pembe anazo dume peke yake, na hazidumu: huota majira ya kuchipua zikiwa zimevikwa ngozi laini yenye damu, hukauka na kuwa ngumu ifikapo vuli, kisha huanguka wakati wa baridi, na mwaka ufuatao anaanza upya. Rekodi ya dunia ya pembe zilizokaa kwa ulinganifu ni ya dume aliyeuawa Saskatchewan, Kanada, mwaka 1993: inchi 213 na sehemu tano za nane. Pembe zisizolingana, zenye vichomozo kila upande, huweza kuzidi hapo, lakini mwituni ni nadra mno. Mashambani sasa wanazalishwa madume wenye inchi 300, hata 400. Nimeziona picha zao. Shingo imeinama, na kichwa kinaonekana kama kimetwishwa mzigo wa kuni.

Hufikaje huko? Kwa uhimilishaji. Mbegu za dume maarufu hugandishwa kwenye mirija midogo na kuuzwa mnadani kama za ng'ombe wa maziwa. Ukoo huandikwa vizazi na vizazi. Chakula hutoka kwenye gunia, kimepimwa protini. Wafugaji wengine huwatenga watoto na mama zao wakiwa wachanga na kuwanyonyesha kwa chupa, makusudi wasije wakamwogopa binadamu, kwa sababu mnyama mwoga hujigonga kwenye uzio akavunja pembe, na pembe ndiyo mali yenyewe. Tafakarini hapo kidogo. Woga, ambao ndio silaha pekee aliyopewa kulungu, unaondolewa kwake utotoni kwa chupa ya maziwa, na akikomaa anapelekwa akawindwe.

Siku ya tukio haina mengi. Eneo limezungushiwa uzio wa waya wa futi 8, kimo ambacho kulungu kwa kawaida hakiruki. Ekari zinaweza kuwa mia chache au elfu kadhaa. Watetezi wa biashara hupenda kuzitaja ekari hizo. Wasichokitaja sana ni pipa lililosimama juu ya miguu mitatu, lenye mota na saa chini yake. Ikifika saa iliyopangwa, mota inanguruma na mahindi yanamwagika. Kulungu wameshaizoea sauti ile. Mteja ameketi ndani ya dungu, dirisha limeelekea pipa, mwenyeji yuko kando yake na darubini, ananong'ona: huyo wa kushoto si wako, wako ni yule wa nyuma. Mlio mmoja. Baadaye picha inapigwa chini ya mti, mahali ambapo uzio hauonekani. Ukiitazama vizuri picha ya namna hiyo, pengine utaona tundu dogo kwenye sikio, pale ilipokuwa herini ya plastiki yenye namba.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ndani ya uzio ukingo uko pande zote nne.

Sasa, mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya watu wasiokula nyama. Waliosimama mbele kuipinga biashara hii kule Marekani ni wawindaji, tena wawindaji wa nyara. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na wenzake, ndiyo inayotunza vitabu vya rekodi za pembe, na haiingizi katika vitabu hivyo mnyama aliyeuawa ndani ya uzio wa kumzuia asitoroke. Hata awe na inchi 400, hatambuliwi.

Roosevelt mwenyewe ana kisa chake. Novemba 1902, akiwa rais, alikwenda kuwinda dubu Mississippi. Siku zikapita bila yeye kupata kitu. Kiongozi wa msafara, Holt Collier, mwindaji mweusi aliyezaliwa utumwani, akamkamata dubu, akamfunga kwenye mti, akatuma aitwe rais aje apige. Roosevelt alipofika na kumwona mnyama amechoka, amejeruhiwa na yuko kwenye kamba, alikataa kumpiga risasi. Aliagiza amalizwe kwa kisu ili asiteseke. Clifford Berryman alilichora tukio lile katika gazeti la Washington Post, na kutokana na katuni hiyo kukazaliwa yule dubu wa manyoya anayelala na watoto wa dunia nzima. Simleti Roosevelt hapa kama walii. Mwaka 1909 alishuka Mombasa, na katika safari ile yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika nchi zetu hizi na kuendelea hadi Sudan. Mkusanyiko wa makumbusho ulikuwa sababu, lakini raha nayo ilikuwamo. Ninachosema ni kwamba hata mtu mwenye kidole chepesi kiasi hicho aliona kuna mnyama ambaye hapigwi.

Na sisi wa Pwani hatuna haja ya kwenda Mississippi kulijua hilo. Waliosoma fiqhi ya Kishafii msikitini wanaukumbuka mlango wa mawindo na wa kuchinja. Mnyama aliye chini ya mkono wako huhalalika kwa kuchinjwa, kwenye koo, kwa chombo kikali, na adabu zake zote. Ruhusa ya kumpiga popote mwilini, kwa mshale au kwa mbwa aliyefunzwa, imetolewa kwa yule ambaye humfikii. Ndiyo maana ngamia wa kufugwa aliyetoroka mbele ya masahaba, mmoja wao akamtungua kwa mshale, Mtume alilipitisha jambo hilo: ngamia yule alishakuwa kama mnyama wa mwitu. Hukumu inafuata hali ya mnyama, haifuati jina lake. Basi ukiigeuza upande wa pili, mnyama wa mwitu uliyemweka zizini amekwisha kuwa wa kuchinjwa. Mafakihi wanakwenda mbali zaidi: ukimsukuma mnyama hadi mahali pafinyu asipoweza kuchomoka, umeshammiliki hapo hapo, kabla hujamgusa. Limebaki nini la kuwinda? Tena kuna ile habari ya Anas bin Malik kuwakuta vijana wamemfunga kuku wakimfanya shabaha. Akawaambia kwamba Mtume alikataza wanyama kufungwa ili wauawe namna hiyo.

Mwanafunzi makini ataniuliza: je, ekari mia tano ni mahali pafinyu? Ni swali zuri, nami sitaki kulikwepa. Kwa dume ambaye mwituni huzunguka ekari mia kadhaa, ekari mia tano ni maskani kamili, na porini kungekuwa na mahali pa kujificha. Lakini pembeni mwa ekari hizo weka pipa la mahindi lenye saa, weka mnyama aliyenyonya chupa mkononi mwa mtu, weka mwenyeji anayejua dume gani hupita njia ipi saa ngapi, halafu weka ahadi ya kutolipa usipoua. Mwenye eneo ameshapima upana wake kuliko mimi na wewe, na ameona ni pafinyu kiasi cha kuweka fedha zake dhamana.

Kuna anayesema: babu zetu walichimba mashimo, walitega nyavu, walifukuza paa kwa mbwa na ngoma hadi kwenye mtego, uungwana gani huo? Kweli. Lakini walitafuta kitoweo, na mnyama alikuwa huru mpaka dakika ya kunaswa. Na mwingine husema: mbona mnakula ng'ombe? Huyu hoja yake ni nzito zaidi. Ng'ombe naye kazaliwa zizini na atakufa kwa tarehe iliyopangwa. Ila Marekani ina sheria ya mwaka 1958 inayotaka ng'ombe, kondoo, nguruwe na wengine wachache wapoteze fahamu kwanza kabla ya kuchinjwa kiwandani, na kuna mkaguzi. Kulungu wa uzioni hamo. Yeye hufugwa kama ng'ombe, huuzwa kama ng'ombe, na saa ya kufa, ambapo kufanana huko kungemsaidia, anageuzwa kuwa mnyama wa porini: anapigwa mshale na mtu aliyekuja na upinde kwa mara ya pili maishani, na akijeruhiwa anatafutwa kwa kufuata matone ya damu. Biashara hii imechukua upande unaolipa wa kila sheria.

Na sheria ndiyo iliyomrudisha kulungu Marekani. Katika karne ya 19 nyama yake iliuzwa sokoni kwa mabehewa. Kufikia mwaka 1900 walikuwa wamebaki wachache, makadirio ya kawaida ni chini ya nusu milioni katika nchi nzima. Kilichowaokoa ni kuwaondoa sokoni. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba jimbo humiliki wanyamapori kwa niaba ya watu wote, na mwaka 1900 Bunge likapitisha Sheria ya Lacey dhidi ya biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria kati ya jimbo na jimbo. Majimbo yakapiga marufuku kuuza nyama ya kulungu wa mwitu. Leo wako takriban milioni 30. Mafanikio haya yalijengwa juu ya wazo moja, kwamba kulungu hana bei. Uzio umempa bei tena, kwa inchi.

Mahakama zenyewe hazijakubaliana. Indiana, idara ya maliasili ilijaribu kuyafunga maeneo hayo kuanzia mwaka 2005. Wenye mali wakashitaki, kesi ikaburutwa miaka kumi, na Februari 2015 Mahakama ya Rufani ya jimbo ikasema idara haina mamlaka juu ya kulungu wanaomilikiwa kihalali na watu binafsi. Mwaka uliofuata wabunge wakatunga sheria ya kuyasimamia maeneo hayo, yaani kuyahalalisha. Texas, jimbo ambalo nyaya za futi 8 ni sehemu ya mandhari, mahakama ya rufani ilisema kinyume mwaka 2019: kulungu wa shambani, hata awe na herini na kibali, ni mali ya watu wa Texas. Montana hawakusubiri mahakama. Wawindaji walikusanya saini, na Novemba 2000 wapiga kura, kwa zaidi ya nusu kidogo tu, wakakataza kulipisha watu ada ya kupiga wanyama wa kufugwa. North Dakota walijaribu njia hiyo hiyo mwaka 2010 wakashindwa.

Montana walikuwa na sababu ya ziada, nayo inanileta kwenye jambo ambalo naomba mnisikilize zaidi, hasa vijana mnaosomea wanyamapori. Mwaka mmoja kabla ya kura, ugonjwa ulikuwa umegunduliwa kwenye shamba moja la wanyama jamii ya kulungu jimboni humo.

Ugonjwa wenyewe ni wa kukonda hadi kufa. Ulionekana kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliokuwa wakifugwa kwa utafiti Fort Collins, Colorado, na mwaka 1978 wanasayansi wakatambua kwamba ni ndugu wa ule wa ng'ombe kichaa. Hausababishwi na bakteria wala virusi. Ni protini iliyojikunja vibaya, iitwayo prioni, ambayo ikigusana na protini nzima huigeuza ifanane nayo, mpaka ubongo unatoboka kama sifongo. Mnyama anaweza kukaa mwaka mmoja na nusu au miwili akiwa mzima machoni huku anaambukiza kwa mate, mkojo na kinyesi. Mwishowe anakonda, anadondosha mate, masikio yanalegea, anasimama tu. Chanjo hakuna, dawa hakuna, anayepona hakuna. Prioni hubaki kwenye udongo miaka mingi. Haijathibitishwa kwamba umempata binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao isiliwe.

Kulungu wa mwituni hutembea kwa miguu, na ugonjwa unaotembea kwa miguu huenda polepole. Wa biashara husafiri kwa lori. Anauzwa jimbo hili, anazalishwa jimbo lile, anauawa la tatu. Wengine walivuka bahari: wanyama jamii ya kulungu walionunuliwa Kanada walifika nao Korea Kusini, ukagunduliwa huko mwaka 2001. Na uzio mmoja wa waya hauzuii pua mbili kugusana. Leo ugonjwa umo katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani. Sisemi wote umetoka mashambani. Mwituni nako unaenea wenyewe. Nasema kwamba lori limeusaidia.

Kisa cha Iowa kinatosha. Mwaka 2012 dume mmoja aliyeuawa ndani ya eneo la kuwindia lenye uzio, kusini mwa jimbo, alipimwa akakutwa na ugonjwa. Kilikuwa kisa cha kwanza Iowa. Ufuatiliaji wa herini na karatasi ukaenda hadi kwenye shamba la uzalishaji upande wa kaskazini. Shamba likawekwa karantini, na mwaka 2014 serikali ikawaua kulungu wote waliokuwamo, 356. Wagonjwa walikuwa 284, karibu wanane katika kila kumi. Karibu wote hao, kwa macho ya mpita njia, walikuwa kulungu wanono. Mwenye shamba alilipwa fidia ya zaidi ya dola 900,000 kutoka hazina ya umma, ambayo wawindaji wa kawaida wa porini nao huichangia.

Ikabaki ardhi ya lile eneo la kuwindia la kusini, ambalo lilikuwa la mwenye shamba huyo huyo. Maofisa walitaka uzio ubaki umesimama miaka mitano, kulungu wa mwitu wasije wakala nyasi za pale. Mwenye ardhi hakuona sababu ya kutunza uzio usio na kitu ndani. Wakafikishana mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Iowa ikaamua kwamba sheria iliipa idara uwezo wa kuwaweka karantini wanyama, haikuipa uwezo juu ya ardhi walikofia. Waliotunga sheria ile hawakuwahi kufikiria udongo.

Kwa nini nimekuja na habari za kulungu wa Iowa mbele ya watu ambao hawatamwona kulungu huyo maisha yao yote? Kwa sababu mfano huu hausafiri peke yake. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 1991 inayompa mwenye ardhi umiliki wa mnyama aliyemzungushia uzio wa kutosha, na hapo ndipo zilipostawi ranchi za kuwindia. Mwaka 1997 televisheni ya Uingereza ilionyesha simba wa kufugwa wanavyopigwa risasi kule. Ilichukua mpaka mwaka 2024 Baraza la Mawaziri kuidhinisha sera ya kuifunga biashara ya simba wa vizimbani hatua kwa hatua. Wanyama walishakuwa maelfu. Kenya iliufunga uwindaji mwaka 1977 na mjadala haujaisha. Tanzania tunauza uwindaji wa kitalii katika vitalu visivyo na uzio. Sheria yetu ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, inakataza kuwinda kwa kutumia gari, na wakati huo huo inafungua mlango wa mashamba na ranchi za wanyamapori. Mlango huo una faida zake, sina ugomvi na mtu anayefuga swala auze nyama buchani.

Ninalotaka liandikwe kwenye kanuni ni mambo mawili. Mnyama aliyezaliwa au kukuzwa ndani ya uzio auzwe akiwa hai au achinjwe mbele ya mkaguzi, asiuzwe kwa mwenye bunduki. Na kabla mtu hajapewa leseni ya kuzungushia wanyama uzio, aweke benki fedha za kuutunza uzio huo kwa miaka mitano baada ya mnyama wa mwisho kuondoka, kwa jina la Serikali. Mjumbe mmoja amenong'ona hapa mbele kwamba hakuna mwekezaji atakayekubali sharti hilo la pili. Basi tutakuwa tumejua mapema.